Mhakiki Alisema Si Kweli

Ambakisye aliuandika ujumbe uleule kwa mara ya nne, na simu ikamjibu kwa sauti ileile laini ambayo kila mtu wa Kipombo aliijua kama sauti ya jirani: "Tahadhari yako si kweli. Haitapelekwa. Asante kwa kulinda amani."

"Amani ya nani?" aliiuliza simu, akaitumbukiza mfukoni na kuusukuma mlango wa ofisi ya dada yake bila kubisha.

Tusekile Mwakyoma aliinua macho. Alikuwa mkaguzi wa Mhakiki, ile mashine yenye sauti ya simu, kwa kata nzima, na hakupenda watu waingie na buti zenye tope. Lakini uso wa kaka yake ulimzuia kusema lolote.

"Ndama wa Anyosisye wamekufa," Ambakisye alisema. "Wote. Wamelala kwenye lile shimo la Lubigi kana kwamba wamesinzia. Hawana jeraha, hawana povu mdomoni. Na kunguru waliokuja kuwadonoa wamekufa juu yao."

"Kampuni imetoa taarifa asubuhi hii. Vipimo viko salama."

"Kunguru hawajaisoma hiyo taarifa, dada."

Tusekile aliinuka akafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu. Kwenye mteremko wa mlima, juu ya migomba na mashamba ya chai, mabomba meupe ya Kampuni yalikuwa yanang'aa baada ya mvua. Gesi chafu ya viwanda, ile inayoipasha dunia joto, ilitoka nchi za mbali kwa meli, ikasukumwa hadi hapa na kushindiliwa chini ya miamba ya mlima ili dunia ipoe. Kwa kazi hiyo Kipombo kilipata barabara, zahanati, na kiwanda cha maziwa. Juu mlimani vilisimama vipimo vya Kampuni, na vipimo hivyo ndivyo vilivyomwambia Mhakiki kila dakika kama gesi imetulia.

"Umejaribu kupiga simu kijiji cha Ndulilo?" aliuliza.

"Nimepiga. Nikisema habari za mtoto wa shangazi, wananisikia vizuri. Nikisema kuna hewa ya sumu, wanasikia ukimya. Jaribu mwenyewe."

Alijaribu. Alimpigia mwalimu mkuu wa shule ya Ndulilo, wakasalimiana, wakaulizana mvua. Kisha Tusekile akasema, "Mwalimu, nadhani kuna gesi inayovuja," na mwalimu akasema, "Haloo? Haloo, Mama Mkaguzi, umepotea," mpaka simu ikakatika.

Katika miaka yake yote ya kazi, ilikuwa mara ya kwanza kwa Mhakiki kumziba mdomo yeye mwenyewe.

*

Alimpigia Bwana Chilongani, Mkaguzi Mkuu wa kanda. Simu za wakaguzi kwa wakaguzi zilikuwa hazizibwi.

"Bi Tusekile, vipimo vyote vya Kampuni viko kijani. Ninaviona hapa mbele yangu."

"Vipimo viko juu mlimani, mkuu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikipata ufa haipandi, inateremka na kujaa mashimoni kama maji. Haina rangi wala harufu. Mchana upepo unaitawanya, lakini jioni upepo wa bondeni hutulia, na baridi ikiingia itatambaa hadi vijijini. Lubigi, Ndulilo na Masukila vyote viko chini. Hakuna kipimo hata kimoja kilichowekwa kule."

"Basi andika ombi viwekwe."

"Mkuu, jioni ni leo."

Chilongani akasema taratibu, "Unataka nifanye nini?"

"Nifungulie tahadhari moja. Kwa mkono wako. Zamani kila mkaguzi alikuwa na muhuri wake wa kupitisha tahadhari."

"Na muhuri tuliuondoa kwa nini? Wewe unajua kuliko mimi. Nikikufungulia leo kwa sababu nakuamini, kesho nitamfungulia nani? Yule aliyeitengeneza sura ya baba yako naye alikuwa na mtu aliyemwamini."

Baba yao, Tusekile na Ambakisye, alikuwa mchanjaji wa ng'ombe. Katika Miaka ya Uzushi, mtu asiyejulikana mpaka leo alitengeneza video ya mzee huyo, sura yake na sauti yake, akijisifu kwamba anatia dawa kwenye maziwa ili watoto wa vijiji vya bondeni wasikue. Video ilizunguka asubuhi. Kabla ya adhuhuri, watu waliokuwa wamekula naye mezani walimtoa sokoni na kumuua kwa fimbo na mawe. Video kama hizo zilikuwa zinatengenezwa kila mahali, na kila mahali watu walikufa, mpaka mataifa yakakubaliana kwamba tahadhari yoyote isiyothibitishwa isipite. Ndipo akaletwa Mhakiki, akili ya mashine iliyoketi katikati ya kila simu na kila redio. Mauaji yakakoma. Chilongani, aliyemzika mke wake katika miaka hiyohiyo, alikuwa wa kwanza kuomba kazi. Tusekile alikuwa wa pili.

"Mkuu," alisema hatimaye, "nikikuletea ushahidi?"

"Vipimo ndio ushahidi, Bi Tusekile. Rudi kazini."

Chilongani alikata simu. Ambakisye alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Twende Lubigi," Tusekile alimwambia. "Nataka kuona kwa macho yangu. Chukua koroboi na kamba."

*

Shimo la Lubigi lilikuwa pana kama uwanja wa mpira, lenye majani mabichi chini na migomba pembeni. Upepo wa alasiri uliyatikisa majani ya juu ya migomba. Ya chini yalikuwa yametulia tuli. Ndama walilala walipolala.

Anyosisye, mwenye ndama, alikuwa amekaa ukingoni na mkewe Bupe. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, msimamizi wa kituo cha maziwa cha Ndulilo, na alikuja Lubigi kila alasiri kutazama mifugo aliyoiacha kwa shemeji yake.

"Mama Mkaguzi, shikamoo. Mhakiki amesemaje?"

"Marahaba. Amesema ni salama."

"Basi ni ugonjwa," Anyosisye alisema, na kwenye sauti yake kulikuwa na nafuu. "Nitaleta daktari wa mifugo kesho."

Ambakisye aliwasha koroboi, akaifunga kwa kamba, akaanza kuishusha kutoka kwenye mwamba wa ukingoni. Mwali ulisimama wima, mzuri. Ulipofika usawa wa mabega ya ndama aliyelala, ukanywea, ukageuka nukta ya bluu, ukazimika. Hakuna aliyeupuliza. Akaivuta juu, akaiwasha tena, akaishusha. Ikazimika palepale, kana kwamba imetumbukia kwenye maji yasiyoonekana.

"Ngoja tuone hewa hii imefika wapi upande ule," Ambakisye alisema, na kabla dada yake hajamkataza alikwisha teremka hatua chache kwenye mteremko, ameinama na koroboi mkononi.

Tusekile aliona koroboi ikizimika. Kisha akaona goti la kaka yake likikunjika.

Hakufikiri. Alivuta pumzi, akaifunga kifuani, akashuka mbio. Alimshika kwenye ukosi wa koti. Ambakisye alikuwa mzito kama gunia la mchanga, na macho yake yalikuwa wazi lakini hayamtazami mtu. Alimvuta kinyumenyume, mapafu yakimuwaka, masikio yakivuma, mpaka mikono mikubwa ya Anyosisye ikamfikia na kuwapandisha wote wawili.

Ambakisye alitapika, akakohoa, akaanza kupumua. Ilichukua muda kabla hajaweza kusema, na alipoweza, mikono yake haikuwa na nguvu hata ya kujifuta mdomo.

"Ni kweli," alisema.

"Ni kweli," Tusekile alijibu.

Watu wa Lubigi waliambiwa kwa mdomo, mlango kwa mlango, na walipoiona koroboi ikizimika, wengi wao walianza kufunga mizigo. Lakini Ndulilo na Masukila vilikuwa ng'ambo ya mgongo wa mlima, na kwa miguu mtu angefika giza likiwa limekwisha ingia. Anyosisye na Bupe waliondoka na pikipiki yao kurudi nyumbani Ndulilo, naye Anyosisye alikuwa bado anatikisa kichwa. "Nitauliza vizuri nikifika," alisema. "Kama hatari ingekuwa kubwa hivyo, Mhakiki angesema."

Tusekile aliitazama pikipiki ikipotelea kwenye kona. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Redio yako ingali inafanya kazi?"

Kwa miaka yote ya Mhakiki hakuwahi kupanda ngazi ya dari nyumbani kwa Ambakisye, asije akalazimika kuona kilichokuwa kule.

"Inafanya," Ambakisye alisema.

*

Kabla ya Mhakiki, Kipombo kilikuwa na chama cha redio za ridhaa, watu wanaorusha mawimbi kwa mapenzi tu, bila mshahara. Tusekile na Ambakisye walijiunga wakiwa shule, na kila mmoja alipewa alama yake ya kituo, ambayo ni jina la mtu angani. Chama hicho ndicho kilichotundika mbao za mvua kwenye vituo vya maziwa vya mabonde yote. Ubao ulikuwa kisanduku chenye maandishi mekundu na honi ya kuwaita watu wasome onyo. Ulisikiliza setilaiti ndogo iliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo, kisanduku kisichozidi ukubwa wa tofali la kuchoma, ambacho wanachama walikiita Tofali. Mawimbi ya kawaida yaligonga milima na kurudi. Tofali lilipita juu ya milima, na kwa dakika chache liliyaona mabonde yote kwa pamoja. Ukilirushia pakiti, yaani sentensi fupi iliyogeuzwa mlio, lililirudia neno lako lilivyo na kulimwaga chini. Sheria ilipokuja, watu walikatazwa kurusha. Vipima mvua vya mashambani viliachwa viendelee kwa sababu havisemi maneno. Mbao zikabaki ukutani, zikionyesha milimita za mvua na kupiga honi mvua ya mawe ikikaribia.

Hakuna aliyeweza kumwunganisha Mhakiki na Tofali. Lilikuwa la zamani mno. Halikuelewa amri yoyote isipokuwa kurudia.

Walipanda kilima nyuma ya nyumba ya Ambakisye, Tusekile akibeba kila kitu. Antena ilikuwa bomba la plastiki lenye vipande vya tepu ya kupimia ya seremala vilivyofungwa kwa waya. Ambakisye alijaribu kuishika, ikamponyoka.

"Mikono haina nguvu," alisema. "Utashika wewe. Mimi nitakuelekeza. Linatoka kule, juu ya mnara wa kanisa, linapita karibu na utosi, linazama nyuma ya mabomba. Ulifuate kama unavyomfuata mwewe. Ukisikia mlio umefifia, zungusha mkono, antena ilale."

"Nakumbuka."

"Sasa tuandike nini?"

Tusekile aliketi kwenye jiwe na kibodi ndogo magotini. Hakuandika.

"Andika kwamba ni Kampuni," Ambakisye alisema. "Andika, 'Kampuni inaamuru wakazi wote wapande mlimani.' Watu wataondoka hapohapo. Ukiandika jina lako, nusu yao watafungua simu wamuulize Mhakiki, na Mhakiki atawaambia si kweli."

"Najua."

"Basi tia jina la Kampuni. Ni neno moja. Litaokoa watu."

"Aliyemuua baba naye alitia jina moja tu lisilo lake."

"Yule alikuwa muuaji! Wewe unataka kuokoa!"

"Na nikikosea? Ile njia ya Masukila kuna daraja moja, Amba. Watu wote wakikimbia kwa mpigo, watoto watakanyagwa. Aliyekosea atakuwa nani? Kampuni? Mtu asiye na jina?" Alijishika kichwa. "Nimekaa ofisini miaka nikiwazuia watu wafanye hivihivi ninavyotaka kufanya. Wengi wao walikuwa na hakika kama mimi."

"Kwa hiyo unarudi kazini?"

"Sijasema hivyo."

Chini, kwenye kijiji cha Lubigi, watu walikuwa wanapanda na vitanda vichwani, na mtu mmoja alitembea mbele akiishusha koroboi yake kwenye kila mtaro, akiinama kutazama mwali. Hakuna aliyemtuma. Tusekile alimtazama mtu yule mpaka akapotelea migombani.

Kisha akaanza kuandika. Pakiti ilikuwa haichukui zaidi ya mstari mmoja, kwa hiyo aliandika tatu.

*Hewa ya sumu imejaa mabondeni. Pandeni juu kabla upepo haujatulia. Tembeeni, msikimbie.*

*Msiniamini mimi. Shusheni koroboi kwa kamba hadi chini. Ikizimika, ondokeni.*

*Mhakiki amekataa ujumbe huu. Ni wangu. Tusekile Mwakyoma, mkaguzi.*

Mbele ya kila pakiti aliandika alama yake ya kituo, ile ya usichana wake.

Ambakisye alizisoma zote. "Wanakufunga," alisema.

"Washa redio."

Kwanza palikuwa na mvumo mtupu. Tusekile alielekeza antena juu ya mnara wa kanisa, mkono umenyooka. Kisha ndani ya mvumo ukasikika mkwaruzo mfupi, kama kuku anayechakura kwenye bati: kipima mvua cha mbali kikitaja milimita zake, na Tofali likizirudia.

"Ndilo hilo! Punguza masafa kidogo kidogo, linakuja kwa kasi, sauti yake inapanda. Hapo. Tuma!"

Alibonyeza. Redio ikachakura. Wakasubiri. Kwenye kioo kidogo cha redio hakikuonekana kitu.

"Imegongana na ya kipima mvua. Tuma tena."

Akatuma. Akatuma ya pili. Mkono ulianza kumuuma begani, akauvumilia, akageuka taratibu na mbingu. Kwenye kioo ukatokea mstari: alama yake ya kituo, jina la Tofali likiwa na nyota pembeni, ishara ya kwamba limepokea na kurudia, na maneno yake mwenyewe yakiwa yametoka angani.

*Msiniamini mimi.*

Kutoka ng'ambo ya mgongo wa mlima, kwa mbali sana, honi ya ubao wa Ndulilo ikaanza kulia. Kisha ya Masukila. Kisha nyingine zisizojulikana, bonde baada ya bonde.

"Tuma," Ambakisye alisema, machozi yakimtiririka. "Tuma mpaka lizame."

*

Upepo ulitulia jioni ile kama ulivyotulia siku zote, na hewa ikashuka.

Asubuhi, watu wa vijiji vitatu walikuwa wamejaa kwenye mashamba ya chai ya juu, wamejifunika mablanketi, wakipika ndizi kwenye masufuria ya kuazimana. Chini yao mabonde yalikuwa ya kijani na mazuri kama kawaida, na hapakuwa na jogoo hata mmoja aliyewika. Darajani hakuna aliyekanyagwa. Walivuka wakitembea, koroboi zikitangulia.

Mtu mmoja alikufa. Tusekile alilijua jina lake kabla hajaambiwa, kwa sababu alimwona Bupe amekaa peke yake kwenye majani, kanga imefunika kichwa.

Alikwenda akaketi chini karibu naye. "Pole, mama," alisema.

"Alisoma ubao," Bupe alisema. "Yeye ndiye aliyewaita watu waje wausome. Niliposhika watoto akasema, tangulia, nauliza kwanza. Akafungua simu. Nilikuwa mlangoni, nikasikia kwa masikio yangu. Ile sauti ikamwambia si kweli, rudi nyumbani, asante kwa kulinda amani. Akasema, unaona Bupe? Basi nakaa na ng'ombe mpaka watu watulie." Alivuta kanga usoni. "Hakuwa mjinga, mume wangu."

"Hakuwa mjinga."

"Alifanya alivyofundishwa."

Tusekile alihisi maneno hayo yakimpiga. Yeye ndiye aliyewafundisha. Shule kwa shule, kituo kwa kituo cha maziwa: ukiwa na shaka, muulize Mhakiki.

Kabla jua halijapanda sana, gari la kanda liliwasili. Bwana Chilongani aliteremka na askari wawili, akawaambia wabaki garini. Alikuwa amevaa suti, na viatu vyake viliteleza kwenye majani yenye umande. Aliwatazama watu wale wote kwa muda, midomo ikicheza kana kwamba anawahesabu. Kisha akamwita Tusekile pembeni, karibu na kibanda cha kupokelea chai ambako watu wa Lubigi walikuwa wameutundika ubao wao wa mvua, waliokuja nao.

"Nilikosea," alisema kabla ya salamu. "Nianze na hilo. Ulikuwa sahihi, mimi nikakosea."

"Asante, mkuu."

"Kampuni imefunga mabomba alfajiri. Wanatafuta ufa. Vipimo vitawekwa mabondeni." Alishusha pumzi. "Sasa nisikilize kama mtu aliyezika mwenzake, si kama bosi wako. Watu hawa wakijua kwamba Mhakiki alikataa jambo la kweli, habari itafika kila mahali. Kesho mtu wa kwanza mwenye chuki na jirani yake atasema, hata Kipombo Mhakiki alikosea. Na watamwamini. Tutarudi kule tulikotoka, Bi Tusekile. Unakukumbuka."

"Nakukumbuka."

"Kuna njia. Kumbukumbu za mfumo zinaweza kurekebishwa. Itaonekana kwamba Mhakiki alithibitisha tahadhari yako jana alasiri na kukuagiza uirushe kwa Tofali kwa sababu ya milima. Hakuna kosa ulilofanya. Utapata nishani, na nadhani utapata kiti changu, nami nitakupisha kwa moyo mweupe. Watu wameokoka, na imani imeokoka."

Tusekile aliyatazama mabonde. Alijua kwamba mtu huyu hakuwa mwovu.

"Na Anyosisye?" aliuliza.

"Nani?"

"Aliyekufa. Kwenye kumbukumbu zako mpya, Mhakiki alisema ondokeni. Sasa Anyosisye alikaa kwa nini?"

Chilongani alitazama viatu vyake. "Kuna watu ambao hawasikii tahadhari. Watu wataelewa hivyo."

"Kwamba alikuwa mkaidi. Watoto wake waambiwe baba yenu alionywa akapuuza."

"Mtu mmoja, Bi Tusekile. Jina la mtu mmoja, kwa amani ya wote."

"Baba yangu naye alikuwa jina la mtu mmoja."

"Si haki kulinganisha!"

"Ni sauti ya mtu aliyekufa, mkuu, inayowekewa maneno ambayo hakusema. Mimi nalijua jambo hilo nikiliona. Ndilo lililonileta kwenye kazi hii." Sauti yake ilikuwa imepanda, na watu walikuwa wameanza kugeuka. "Unataka nilinde ukweli kwa kuutengenezea sura bandia. Siwezi. Kama imani ya watu inasimama kwa kumsingizia maiti, acha ianguke, tuijenge nyingine."

"Na wakianza kuuana?"

"Nitakuwa kati yao nikiwazuia, kwa jina langu, kama jana. Nitawafundisha wapime wenyewe kwanza. Wewe utakuwa wapi?"

Tusekile alimwacha amesimama, akarudi kwa Bupe, akachutama mbele yake.

"Mama, nataka kusema jinsi mume wako alivyokufa. Kwa kila ubao. Sitasema bila ruhusa yako."

Bupe aliondoa kanga usoni. "Sema na jina langu," alijibu. "Sema mimi nilisikia."

Ambakisye alikuwa ameegemea gunia la majani ya chai, bado amepauka, lakini alikwisha elewa. Alisogeza redio. "Linapita sasa hivi," alisema. "Upande wa mabomba safari hii. Chini kidogo, utalipata."

Tusekile aliichukua antena. Askari walifungua mlango wa gari. Chilongani aliinua mkono, na haikujulikana kama aliwaita au aliwazuia. Walibaki mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Aliandika amesimama, akisoma kila neno kwa sauti ili watu wote wasikie kabla ya mbingu.

"*Jana Mhakiki alikataa tahadhari ya kweli. Tusekile Mwakyoma, mkaguzi.*"

Akabonyeza.

"*Anyosisye wa Ndulilo alimuuliza. Akaambiwa si kweli. Alifanya alivyofundishwa.*"

Akabonyeza.

"*Bupe mkewe alisikia.*"

Antena iliufuata mlima polepole. Kwa muda palikuwa na mvumo tu. Kisha honi ya ubao kwenye kibanda cha chai ikalia, kali, karibu kabisa, na watu wakaacha masufuria yao na kusogea. Bupe alinyanyuka. Walimpisha njia mpaka mbele. Alisimama chini ya maandishi mekundu na kuyasoma yote kwa sauti, taratibu, jina la mume wake na jina lake.

"Soma tena," mtu mmoja nyuma aliomba. "Huku hatujasikia."

Akasoma tena.

Tusekile aliteremsha antena, akamgeukia Bwana Chilongani.

"Sasa waite askari wako," alisema.